Chembe Zilizogoma Kukimbia

Hebu mwone Rosenda Kabigting akifika kazini. Ni asubuhi ya mvua za Agosti, mkoani Pampanga, Mashariki ya Mbali, na barabara ya kwenda kituoni imekuwa uji mtupu wa tope. Anashuka kwenye kibanda cha pikipiki ya abiria, sketi kaikunja hadi magotini, kifuani kakumbatia mfuko wa mikate midogo ya moto isilowe. Mikate anaiacha kwa mlinzi. Saa ya mkononi, hereni, pete ya ndoa, vyote vinabaki nje. Kisha anaoga, tangu utosini hadi visigino, anavaa suruali na buti za kituo, na hapo tu ndipo anaporuhusiwa kuingia walipo nguruwe. Jioni akitoka anaoga tena. Mumewe, Lauro, huwaambia watu kwamba yeye hakuoa mwanamke, alioa samaki.

Msomaji wangu usiyemla nguruwe, nivumilie kidogo, maana nguruwe wa kituo kile hawakuwa wa kuliwa. Walikuwa wa kuchunguzwa. Miaka michache nyuma homa ya nguruwe ilipita kwenye vijiji vile ikafagia. Leo mnyama anakataa chakula, keshokutwa masikio yamegeuka rangi ya zambarau, wiki haijaisha yuko shimoni. Mama yake Senda, maana hivyo ndivyo Rosenda anavyoitwa na kila mtu, alikuwa na jike lake moja la kuzalisha. Lilifukiwa pamoja na watoto wake, na wa jirani, na wa jirani wa jirani, kwenye shimo moja lililochimbwa kwa tingatinga. Mama alisimama pale na ndoo ya makombo mkononi mpaka udongo ukasawazishwa, akarudi nayo nyumbani vilevile imejaa. Basi Senda aliposikia kituo kinatafuta mtu wa maabara kwa ajili ya majaribio ya chanjo, hakuuliza mshahara. Alikwenda.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza yeye, kwa maneno ya jikoni. Katika damu kuna chembe nyeupe, ndio askari wa mwili. Kidudu kikiingia mahali, sehemu ile hutoa protini ndogo sana ziitwazo kemokini, nazo husambaa kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Askari wakiipata harufu, huifuata mbio. Sasa kemokini ya nguruwe hawaipati kwa kumkamua nguruwe. Wataalamu huchukua maelekezo ya kuitengeneza kutoka kwenye mwili wa nguruwe, wakayapachika ndani ya bakteria, na bakteria ndio wanaoipika kwenye matangi. Huja ikiwa imekaushwa, ndani ya kichupa kifupi kuliko kidole cha mtoto, na ukikitazama utaapa ni kitupu.

Senda huiyeyusha ile isiyoonekana, akaitia kwenye visima vidogo vya sahani ya plastiki. Juu ya kila kisima huweka utando wenye matundu madogo mno, na juu ya utando huweka chembe za nguruwe aliyemtoa damu asubuhi ile. Sahani inaingia kwenye kabati la joto. Chembe zikiwa nzima, na chanjo ikiwa imeziamsha, zitaipata harufu, zijipenyeze kwenye matundu na kushuka. Senda huhesabu zilizoshuka kwa hadubini. Wengine kazi hii ingewachosha. Yeye hakuchoka hata siku moja. Alikuwa akizitazama zile chembe na kusema peke yake, "Haya wanangu, mbio, mbio."

Mwaka ule kituo kilikuwa kinaongeza chumba kwenye banda la nguruwe, na aliyepewa kuwasimamia mafundi alikuwa Lauro. Wao walifanya kazi upande wa nje wa ukuta, na waliingia kwa geti lao, nyuma. Mke yuko ndani ya uzio, mume yuko nje, wakipungiana mikono kupitia wavu.

Jumatatu moja fundi mmoja, Gorio, aliteleza kwenye jukwaa la mbao akaanguka, paja likavunjika. Wenzake walimsikia akilia njia nzima ya kwenda hospitali. Jumanne hakuna aliyeshika mwiko. Walikaa juu ya mifuko ya saruji, wamekunja mikono.

"Nyumba hii haijanyweshwa," alisema Mzee Ponso, fundi mkongwe kuliko wote. "Nilisema tangu siku ya kwanza. Msingi umekaa na kiu, sasa umeanza kujihudumia wenyewe."

Kwa watu wale hilo si jambo la mzaha. Nguzo ya kwanza haisimamishwi kabla ya kumwaga damu ya kuku au ya nguruwe kwenye shimo lake. Wao huita padugo. Daraja, shule, hata duka la simu, vyote vimenyweshwa. Lakini ofisi ya kituo ilikuwa imekataza mnyama yeyote kutoka nje kukanyaga pale, hata kuku, kwa hiyo nguzo za chumba kile zilisimama kavu.

Lauro alimngoja Senda getini asubuhi ile, kofia mkononi.

"Mke wangu, leo si siku yako ya kutoa damu?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Ile inayobaki mnaitupa."

"Hatuitupi. Tunaipika kwa mvuke mpaka inakuwa kama ini, halafu inachomwa."

"Basi si ndiyo kutupa huko, ila kwa elimu? Nipe kikombe. Nusu kikombe, Senda. Watu wamenigomea."

"Damu haitoki mle ndani, Lauro. Hata tone."

"Ni damu, siyo dhahabu."

"Ni sheria."

"Na sheria ilimdaka Gorio alipokuwa anaanguka?"

Senda alimpita akaingia kuoga. Na chini ya maji yale, asikudanganye mtu, alijisikia vizuri. Alijiona ni mtu wa kutegemewa. Alitoa damu yake, akatenga chembe zake, na kilichobaki akakipeleka kwenye chungu cha mvuke kama siku zote.

Alhamisi, nyuma ya ukuta, nyundo zikaanza tena kulia. Alishangaa, lakini hakuuliza. Jioni walipokaa kula wali na samaki mkavu, Lauro alikuwa na furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mambo yamekwisha," alisema. "Mzee Ponso kapita sokoni alfajiri, kanunua damu, ile ya kupikia mchuzi. Tumeimwaga yote kwenye shimo la nguzo ya pembeni, ile iliyokuwa imebaki. Wazee wakasali, nguzo ikasimama, watu wakapanda juu wanaimba."

Senda aliacha kutafuna. "Damu ya nguruwe?"

"Si banda la nguruwe? Ulitaka tumwage ya mbuzi?"

"Ilipitaje getini?"

"Kwenye chupa ya kahawa." Lauro alicheka mpaka akapaliwa. "Mlinzi kasema, 'Mzee, leo kahawa hunikaribishi?' Mzee Ponso kamwambia, 'Hii ni chungu sana, mwanangu, itakuua.'"

"Ponso ni mwendawazimu. Na wewe pia."

"Nguruwe wa sokoni wana mhuri wa serikali, mama. Acha woga."

Akaacha, au akajifanya kuacha. Ile nguzo ya pembeni ilikuwa imeegemea ukuta uleule wa banda. Upande wa pili walilala nguruwe wa chanjo. Palikuwa na tundu la kupitisha maji machafu, na palikuwa na nzi, maana nguruwe na nzi ni jirani wa siku zote. Alilala akiliwaza lile tundu.

Jumatatu iliyofuata soko lilifungwa. Gari la halmashauri lilipita na kipaza sauti likisema kwamba homa ya nguruwe imeingia kitongoji cha pili, kwa wafugaji wawili, na kwamba kuna nyama iliyochinjwa kwa siri ikauzwa sokoni kabla ya watu kujua. Senda alikuwa anafua. Alisimama na shati la Lauro mkononi, maji yanamchuruzika hadi viwikoni, mpaka gari lile likapotea kwenye kona.

"Ulisikia?" alimuuliza Lauro aliporudi.

"Nimesikia." Hakuwa na utani siku hiyo. "Ponso hakumbuki alinunua kwa nani. Anasema kwa yule mama mwenye aproni nyekundu. Wote pale wana aproni nyekundu."

"Inabidi nimwambie Doktora."

Doktora ndivyo walivyomwita Doktora Yambao, daktari wa mifugo aliyesimamia majaribio yote.

"Umwambie nini? Kwamba mumeo kaleta maradhi kwenye chupa ya kahawa? Watatufukuza wote, Senda, na Gorio bado hajalipwa paja lake. Na wale nguruwe wako, unafikiri atafanya nini nao? Atawaua wote leoleo kwa tahadhari. Wewe mwenyewe uliniambia ndivyo wanavyofanya."

Hapo alimshika pabaya. Kweli ndivyo wanavyofanya. Senda aliwaona: yule mwenye doa jeusi kama ramani begani, yule anayelala chali kama mlevi ukimkuna tumbo. Usiku ule walilala migongo imetazamana, kila mmoja akijifanya kwamba mwenzake kasinzia.

Jumanne akaingia bandani. Kabla ya sindano alimshika kila nguruwe sikio. Hili la moto? Au ni mkono wangu ndio baridi? Alipima joto, akapima tena, kipimo kikasema wako salama, naye hakukiamini. Yule wa doa alikuwa amebakisha chakula. Kidogo tu, ukingoni mwa hori. Siku nyingine asingekiona. Siku hiyo alichutama akakitazama hadi magoti yakafa ganzi.

Alitoa damu. Akatenga chembe. Zilitoka chache kuliko kawaida, au alizimwaga mwenyewe, hakujua. Akafungua kichupa kipya cha kemokini kutoka kwenye boksi lililofika wiki ile, akaiyeyusha kwa maji yake ya chumvi, akapanga sahani, akafunga kabati la joto. Muda wa kungoja aliutumia kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Aliweka jicho kwenye hadubini.

Hakuna chembe iliyoshuka.

Alizungusha kioo. Akaenda kisima cha pili, cha tatu. Hapa na pale moja, mbili, kama watu waliopotea njia. Visima vyenye kemokini vilikuwa sawa na vile vya maji matupu. Askari wameitwa, hawakuitika. Senda alijua maradhi yale huanza na nini: huanza na hao hao askari. Virusi huingia ndani ya chembe nyeupe kabla mnyama hajakohoa, kabla sikio halijabadilika rangi. Alisogeza kiti nyuma. Alimwona mama yake na ile ndoo.

Hakumbuki alivyofika mlangoni kwa Doktora. Anakumbuka tu alivyosema, kwa mkupuo mmoja, kwamba chembe hazikimbii, na kwamba chini ya nguzo ya pembeni kuna damu ya sokoni.

Doktora Yambao ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku hiyo aliishusha. "Rudia," alisema polepole.

Senda akarudia.

"Kwenye chupa ya nini?"

"Ya kahawa."

"Mama yangu Maria." Doktora alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, mgongo ukutani. "Shimo liko umbali gani na tundu la maji?"

"Hatua mbili. Tatu."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita, Doktora. Alhamisi."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Jioni ileile." Doktora alimtazama, na Senda anasema bora angempiga. Kisha akainuka, akaanza kutoa amri. Damu ya nguruwe wote ipelekwe saa ileile maabara ya mkoa ikapimwe virusi; majibu keshokutwa. Tundu la maji lizibwe. Mafundi wasiguse kitu kingine. Na ile nguzo ing'olewe, udongo wake utolewe wote, utiwe chokaa na kuchomwa.

"Na wakiwa tayari wagonjwa?" Senda aliuliza.

"Wakiwa wagonjwa unajua nitakachofanya. Usinilazimishe kukitamka."

Kusema nguzo ing'olewe ni rahisi. Mafundi walisikia amri, wakarudi nyuma kama watu walioona nyoka.

"Shemeji," Mzee Ponso alimwambia Senda kupitia wavu, kofia kaivua, "unajua unachotuomba? Nyumba imekwisha kunywa. Ukiifukua damu yake umemtoa mtu tonge mdomoni, halafu umwambie akulinde. Itadai. Na haitadai damu ya kuku."

"Mzee, ile damu huenda ina maradhi."

"Maradhi ya nguruwe hayamuui mtu. Nyumba inamuua mtu. Gorio yuko hospitali, nenda kamuulize."

"Ponso, wewe ndiye uliyeileta!" alifoka Lauro.

"Niliileta, ndiyo, na nguzo ikakubali. Mimi siichimbi. Nifukuzeni. Nitakwenda nyumbani nikiwa na miguu miwili."

Mmoja mmoja wakaweka mabeleshi chini. Hakuna aliyecheka. Hata wale vijana wanaojifanya hawaamini chochote, wenye nyimbo masikioni mchana kutwa, walikwenda kusimama mbali, mvuani.

Senda alimtazama mumewe. Lauro ni mtu wa mabega, mtu wa sauti. Sasa midomo yake ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyekunywa chokaa. Yeye pia alizaliwa pale. Baba yake alimfundisha kazi, na siku ya kwanza kabisa alimshikisha jogoo, akamwonyesha pa kukata.

"Lauro," alisema, "kama huwezi..."

"Nyamaza, Senda. Tafadhali."

Akafunga nguzo kwa kamba kwenye miti miwili, akapiga ishara ya msalaba, akachukua sururu.

Senda hakuweza kwenda kumsaidia. Alikuwa upande wa ndani, na wa ndani havuki. Alisimama kwenye wavu, vidole vimeshika waya, akitazama. Zege la shimoni lilikuwa bado bichi; lilivunjika vipande vipande kwa sauti mbaya, kama mfupa. Nguruwe upande wa pili wa ukuta waliisikia, wakaanza kupiga kelele. Kila sururu ilipotua, nguzo iliyumba, kamba zikalia, na Lauro aliruka nyuma, akangoja, akarudi tena. Aliruka hivyo mara nyingi hadi ikawa aibu kumtazama. Akafika kwenye udongo mweusi. Nzi waliinuka. Alitapika pembeni, akajifuta kwa kiwiko, akaendelea kuutia kwenye mifuko, na alikuwa anasema na shimo. Senda alimsikia. Alikuwa anasema, "Samahani. Samahani. Samahani."

Nguzo ilipolala chini, haikumwangukia mtu. Mzee Ponso alipumua kwa nguvu kiasi kwamba wote walimsikia. "Bado," akasema.

Kesho yake Doktora aliingia maabara na mfuko wa barafu, ndani yake damu mpya ya nguruwe walewale.

"Kile kichupa cha jana, ulikiyeyusha kwa nini?"

"Maji ya chumvi, kama siku zote."

Doktora alifumba macho. "Boksi hili jipya si kama la zamani. La zamani huja limechanganywa na protini nyingine ya kuisindikiza. Hili niliagiza tupu, kwa kazi yangu nyingine, nikasahau kukuambia. Ikiwa peke yake inanata kwenye plastiki. Wewe ulitia visimani maji tu. Kemokini yote ilibaki imeganda kwenye kuta za kichupa."

"Kwa hiyo chembe..."

"Sijui. Labda hazikuwa na kitu cha kukimbilia. Labda ni wagonjwa. Fungua kingine, safari hii uitie msindikizaji. Mimi nakaa hapahapa."

Walikaa wawili mbele ya kabati la joto, kama watu walio nje ya chumba cha upasuaji. Senda alipoinamia hadubini macho yalikataa kuona. Alilazimika kuyafuta, kisha akafuta kioo, kisha akayafuta tena.

Zilikuwa zimeshuka. Zimejaa kisimani, zimesongamana, nyingine bado ziko katikati ya matundu, nusu huku nusu kule. Hakusema "mbio wanangu". Alimsogezea Doktora kiti akakaa sakafuni, kama Doktora alivyokaa jana ofisini kwake.

Siku iliyofuata majibu ya mkoa yakaja: hakuna virusi. Wiki iliyofuata wakapima, hakuna. Na iliyofuata tena, hakuna. Yule wa doa alimaliza hori lake na kulilamba. Kituo hakikumfukuza mtu, ila Doktora aliweka sheria mpya, na mlinzi sasa anafungua hata chupa ya kahawa na kuinusa. Senda alipewa barua ya onyo kwa kunyamaza siku zote zile. Aliipokea, akaona ni haki yake.

Wewe utasema, basi, yamekwisha. Na mimi ningependa kukuacha hapo. Lakini kuna jambo moja lililobaki, na sijui nilifanyeje.

Ule udongo ulitiwa chokaa ukachomwa siku ileile. Hakuna aliyekumbuka kubakiza hata kijiko cha kupima. Chupa ya kahawa ilichomwa nao. Yule mama wa aproni nyekundu hakurudi sokoni, kama wengi ambao hawakurudi. Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayejua kama damu ile ilikuwa chafu. Huenda ilikuwa maradhi matupu na sururu ya Lauro ndiyo iliyowaokoa nguruwe. Huenda ilikuwa damu safi ya nguruwe mzima, na Lauro aliinyang'anya nyumba kinywaji chake kwa sababu ya kichupa kilichoyeyushwa vibaya.

Habari ya kichupa Senda hakumwambia. Alidhani atamwambia siku ikitulia.

Nguzo mpya ilisimamishwa, kavu. Doktora alisema hakuna damu tena, ya kiumbe chochote. Nusu ya mafundi waliondoka. Mzee Ponso alibaki, rozari kaifunga kwenye mkono, lakini hapiti chini ya ile nguzo. Anauzunguka ujenzi mzima akitaka nyundo iliyo upande wa pili. Na Lauro, ambaye alikuwa anatembea juu ya mbao kama anavyotembea sebuleni, sasa anapanda akishikilia kwa mikono miwili. Senda humwona kupitia wavu. Mguu unatangulia, unasita, unarudi. Fundi asiyeuamini mguu wake akiwa juu, kila mtu wa kazi ile anajua mwisho wake.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupandisha boriti kubwa ya paa, na inapandishwa kutokea ile nguzo ya pembeni. Ijumaa jioni, kabla ya chakula, Lauro alikuja jikoni. Senda alikuwa anapepeta mchele. Alisimama nyuma yake, akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, ndogo kama ya mtoto anayeuliza kama taa itaachwa ikiwaka.

"Senda. Niambie ukweli mmoja tu, wewe ndiye unayejua mambo hayo. Ile damu niliyoifukua, ilikuwa na ugonjwa?"

Ungo ulisimama mikononi mwake. Alijua kwamba akisema "ndiyo", mabega yale yangeshuka, mtu angekula, angelala, na kesho angepanda na miguu yake ya zamani. Alijua pia kwamba lingekuwa neno ambalo yeye, mtu wa kuhesabu chembe mojamoja, hana hata chembe moja ya kulishuhudia. Na akisema "hakuna anayejua", lingekuwa kweli tupu, na Lauro angeibeba kweli hiyo juu ya jukwaa, pamoja na boriti.

"Senda?" aliita tena.

Ungekuwa wewe uliyeshika ule ungo, ungemjibu nini?